Fort Des Moines: walipewa nyota, wakanyimwa amri

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Juzi niliangalia filamu ya wale wanawake weusi wa jeshi la Marekani waliopelekwa Uingereza kupanga barua za askari wakati wa vita ya pili, nikataka kujua mafunzo walipatia wapi, nikakuta jina Fort Des Moines. Nilivyoendelea kuchimba nikaona kambi hiyo hiyo ndo iliyotoa maofisa weusi wakati wa vita ya kwanza. Ilikuwaje kambi moja ya huko Iowa, sehemu ya mashamba ya mahindi tu, ikawa ndo mlango wa watu weusi na wa wanawake pia? Na zile nyota walizopewa zilikuwa za kweli au danganya toto? Nauliza maana mimi mwenyewe nimepita JKT na najua cheo begani kina maana gani."

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na asante sana kwa swali, wengi wakishaona ile filamu wanabaki na habari ya barua tu, hawaulizi akina dada wale walitokea wapi.

Nianze na hilo la danganya toto kwa sababu ndo moyo wa swali lako. Nyota zilikuwa za kweli (wenzetu huvaa vibao vidogo begani lakini tuite nyota, tutaelewana). Kamisheni ya luteni mweusi wa 1917 kisheria ilikuwa kamisheni kamili kama ya luteni mwingine yeyote. Kilichokosekana ni amri. Jeshi lilikubali kumvalisha mtu mweusi cheo halafu likatumia nguvu nyingi mno kuhakikisha cheo hicho hakimwamrishi mzungu hata mmoja. Ukilishika hilo, habari yote ya Fort Des Moines utaielewa, ya wanaume na ya wanawake, na utaelewa pia kwa nini wengi wa waliopita pale walikuja kuwa wakorofi sana mahakamani baadaye, nitafika huko.

Kwa nini Iowa? Kambi ilifunguliwa 1903 kusini mwa mji wa Des Moines, ilikuwa ya askari wa farasi, ndo maana ilikuwa na mabanda ya farasi mengi, hayo mabanda yakumbuke. Marekani ikaingia vitani Aprili 1917, na wazungu wenye elimu wakafunguliwa makambi ya haraka ya miezi mitatu, unaingia raia unatoka luteni. Weusi hawakutakiwa kwenye makambi hayo. Na kuwapeleka majimbo ya kusini, ambako watu weusi walikuwa wananyongwa kwenye miti mbele ya umati, vijana weusi wenye elimu na bunduki mkononi, hilo wanasiasa wa kule wasingekubali hata kusikia. Iowa ilikuwa kaskazini, katikati ya nchi, ina kambi tayari na ina watu weusi wachache, kwa hiyo kelele zingekuwa chache. Yaani haikuchaguliwa kwa sababu ya mapenzi, ilichaguliwa kwa sababu ni mahali ambapo jambo linaweza kufanyika bila kuchokoza watu wengi. Na nakwambia, mabadiliko mengi ya kijeshi yameanzia sehemu za namna hiyo.

Ila kambi haikuja yenyewe, ilidaiwa, na hapa naomba univumilie maana ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mtu aliyeanza kuisukuma alikuwa mzungu, Joel Spingarn, Myahudi, zamani profesa wa fasihi na wakati huo mwenyekiti wa NAACP, kile chama cha kutetea haki za weusi. Mapema 1917, hata vita haijatangazwa, alishamwendea Jenerali Leonard Wood akamwambia weusi nao wapewe nafasi ya kusomea uofisa, Wood akamjibu niletee majina 200 kwanza. Vijana wa Chuo Kikuu cha Howard pale Washington wakalibeba, wakaunda kamati yao, wakaandika barua vyuo vyote vya weusi, wakazunguka, na kwa muda mfupi tu wakakusanya majina kama 1,500. Waziri wa vita, Newton Baker, akakubali mwezi Mei.

Lakini sikiliza ugumu wake. Kambi yenyewe ilikuwa ya kujitenga, ya weusi peke yao. Magazeti mengi ya weusi yakamshambulia Spingarn, yakasema huyu anatupigania haki kwa mkono mmoja na kwa mwingine anatujengea ubaguzi. W.E.B. Du Bois, msomi mweusi ambaye hakuna aliyepigana na ubaguzi kwa kalamu kumzidi, akasimama upande wa kambi. Hoja yake ilikuwa ya mtu aliyebanwa: chaguo letu si kati ya kambi ya kujitenga na kambi ya mchanganyiko, chaguo ni kati ya kambi ya kujitenga na kutokuwa na ofisa hata mmoja, halafu vijana wetu maelfu wataitwa vitani kwa lazima na kuongozwa na wazungu wasiowapenda. Mimi nikisoma mabishano hayo nakuwa upande wa Du Bois, lakini waliompinga siwezi kuwaita wajinga, maana waliyoyaogopa yalitokea karibu yote.

Juni 1917 wakaripoti wanaume kama 1,250. Karibu 1,000 walikuwa raia, walimu, wanasheria, wahitimu wa Howard, Fisk, Tuskegee, Harvard na kwingineko, na 250 walikuwa masajenti wazoefu kutoka vile vikosi vinne vya weusi vya jeshi la kudumu, askari wa farasi wa 9 na 10, na wa miguu wa 24 na 25. Hebu fikiria hanga moja ina sajenti aliyepigana Ufilipino na hajawahi kumaliza shule, kitanda cha pili yake kuna mtoto wa mjini aliyesoma Kilatini. Mkuu wa mafunzo alikuwa Kanali Charles Ballou, mzungu. Wakapigishwa kwata, shabaha, kuchimba mahandaki, kusoma ramani, kuchoma kwa singe. Mwezi Julai wakatolewa uwanja wa Chuo cha Drake wakafanya gwaride na kuimba nyimbo za kiroho za wazee wao mbele ya maelfu ya wakazi wa mji, wazungu wengi wakiwa hawajawahi kuona ofisa mweusi maishani. Kwenye kambi hiyo hiyo walifundishwa pia madaktari, 104 walihitimu wakaingia kwenye kikosi cha tiba.

Halafu Agosti ikaja balaa. Askari weusi wa kikosi cha 24 walikuwa Houston, Texas, wakinyanyaswa na polisi wa mji kila siku, usiku mmoja wakachukua silaha wakaingia mjini, watu wakafa pande zote. Jeshi likanyonga askari 19 kwa jumla, 13 wa mwanzo walinyongwa asubuhi moja Desemba bila nafasi ya kukata rufaa (hukumu hizo jeshi lenyewe lilizifuta 2023, zaidi ya miaka 100 imepita). Des Moines kamisheni zilitarajiwa Septemba, wakaambiwa ongezeni mwezi mmoja. Wazungu miezi mitatu, wao minne. Baadhi wakakata tamaa wakaondoka wakiamini hakuna nyota itakayotolewa. Katikati ya Oktoba ndo wakaapishwa, watu 639: makapteni 106, maluteni 329, maluteni usu 204.

Umeona cheo cha juu hapo? Kapteni. Hakuna meja, hakuna kanali. Na kanali mweusi alikuwepo! Charles Young, mhitimu wa 1889 wa West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la Marekani, mtu wa vita na mtu wa lugha. Mwaka huo huo alikuwa kwenye mstari wa kuongoza vikosi vikubwa, na kuna luteni mzungu wa Mississippi alilalamika kwa seneta wake kwamba hawezi kupokea amri kutoka kwa mtu mweusi, malalamiko yakafika mpaka kwa Rais Wilson. Ghafla madaktari wakasema Young ana presha, akastaafishwa. Yeye Juni 1918 akapanda farasi wake kutoka Wilberforce, Ohio, mpaka Washington, karibu maili 500, kuonyesha kwamba mwili wake ni mzima. Wakamrudisha kazini siku tano kabla vita haijaisha. Alikuja kufariki 1922 akiwa kazini Lagos, Nigeria, na ubrigedia jenerali alipandishwa 2022, akiwa kaburini karne nzima. Kisa hicho kwangu ndo ushahidi mkubwa kwamba tatizo halikuwa uwezo wala elimu. Tatizo lilikuwa nani atampigia nani saluti.

Wale 639 wengi wakapelekwa Divisheni ya 92, ya askari weusi, na mkuu wa divisheni akawa yule yule Ballou, sasa meja jenerali. Divisheni ikagawanywa kwenye makambi saba tofauti, haikuwahi kufanya mazoezi pamoja mpaka wamefika Ufaransa. Machi 1918 sajenti wake mmoja mweusi alikataliwa kuingia ukumbi wa maonyesho huko Kansas, na sheria ya jimbo ilikuwa upande wa sajenti. Ballou akatoa waraka, ule unaoitwa Bulletin namba 35, akasema ni kweli sheria inamlinda sajenti lakini kosa lake ni kubwa zaidi kwa kwenda mahali ambapo kuwepo kwake kunaudhi watu, akawakumbusha kwamba wazungu ndio walioiunda hii divisheni na wanaweza kuivunja. Sasa wewe ni luteni mweusi, umetoka kuvalishwa nyota na mtu huyu huyu, unasoma huo waraka mbele ya askari wako, unawaambia nini?

Ufaransa Septemba 1918 kikosi cha 368 kikaingizwa Meuse-Argonne, msitu wenye waya wa miba wa Wajerumani, bila mikasi ya kutosha ya kukatia hizo nyaya, bila mizinga ya kuwafungulia njia, ramani shida. Kikarudi nyuma. Vikosi vya wazungu navyo vilirudi nyuma kwenye vita ile ile, ila hiki ndo kikageuzwa ushahidi. Maofisa watano weusi wakahukumiwa mahakama ya kijeshi, baadaye ikabidi waachiwe, lakini hadithi ya kwamba mtu mweusi hawezi kuongoza ilishasambaa, na 1925 chuo cha juu cha jeshi kikaandika ripoti nzima kusema akili yao ni ndogo. Ilipofika 1940, nchi nzima ya Marekani jeshi la kudumu lilikuwa na maofisa weusi wawili tu wa vikosi vya mapigano, Benjamin Davis baba na Benjamin Davis mtoto. Kutoka 639 mpaka wawili.

Kwa hiyo kwa hesabu ya jeshi kambi ilikuwa kama haijawahi kuwepo. Lakini tuangalie walikokwenda watu wenyewe.

Mmoja wao alikuwa kijana wa Washington, Charles Hamilton Houston, mwalimu wa Kiingereza pale Howard. Des Moines alipata uluteni wa miguu, baadaye akahamia mizinga. Jeshini alimshuhudia sajenti mweusi mwenye rekodi safi akiadhibiwa bila haki, na Ufaransa akanusurika kuuawa na kundi la askari weupe wa nchi yake mwenyewe. Akaapa moyoni kwamba akitoka hai atasomea sheria awatetee wasioweza kujibu mapigo. Akasoma Harvard, akarudi kuiongoza shule ya sheria ya Howard, akawafundisha vijana kwa ukali wa kwata kabisa, na mwanafunzi wake mmoja aliitwa Thurgood Marshall, aliyekuja kuwa wakili maarufu wa haki za weusi. Kesi zilizoua ubaguzi wa shule Marekani 1954 zilijengwa juu ya mpango wa Houston, ingawa mwenyewe alifariki 1950.

Wengine baada ya vita walirudi kuishi Des Moines kabisa. James B. Morris alijeruhiwa Ufaransa, akarudi akafanya uwakili na akawa mwenye gazeti la weusi la Iowa. Charles P. Howard, mtoto wa South Carolina, alikuja Iowa kwa ajili ya kambi, baada ya vita akasomea sheria Chuo cha Drake, yaani pale pale walipoimba kwenye gwaride. Mwaka 1925 hao wawili na wenzao kadhaa walikutana mjini hapo wakaanzisha chama cha taifa cha mawakili weusi, National Bar Association, kwa sababu kile cha wazungu kilikuwa hakiwataki. Chama hicho kipo mpaka leo. Jina la Charles Howard lishike, linarudi.

Sasa tuje kwa akina dada. Mbunge Edith Nourse Rogers wa Massachusetts alikumbuka wanawake waliolitumikia jeshi vita ya kwanza wakarudi bila pensheni wala matibabu, akapeleka muswada, na Mei 1942 Rais Roosevelt akasaini kuanzishwa kwa WAAC, kikosi cha wanawake wa kusaidia jeshi. Neno kusaidia lina uzito wake, maana kisheria walikuwa pamoja na jeshi, sio ndani ya jeshi. Vyeo vyao vilikuwa na majina yake ya pembeni, luteni usu aliitwa ofisa wa tatu, mafao hayakulingana, ukiumia huna ulinzi wa askari. Mpaka Julai 1943 ndo sheria nyingine ikawafanya wanajeshi kamili, WAC. Kwa hiyo kwenye nyota za wanawake wa mwanzo swali lako la danganya toto lina nguvu zaidi, kwa mwaka mmoja ule hata sheria ilikuwa inasita.

Jeshi likatafuta kambi ya mafunzo, likarudi Des Moines kwa sababu zilezile za zamani, ipo katikati ya nchi, ipo tayari, askari wa farasi wameshapitwa na wakati na majengo yana nafasi. Yale mabanda niliyokwambia uyakumbuke yakasafishwa yakawa mabweni, wenyewe wakauita mtaa wa mabanda, joto likipanda harufu ya farasi inatoka sakafuni. Majira ya baridi ya kwanza makoti yalikuwa hayatoshi, wakagawiwa makoti ya wanaume yanayoburuza chini. Nafasi zilipojaa mahoteli ya mjini yakakodishwa, likiwemo Savery, wakawa wanalala na kusoma humo. Mpaka vita inaisha wanawake kama 72,000 walikuwa wamepita pale.

Tarehe 20 Julai 1942 wakaingia maofisa wanafunzi 440 wa kwanza. Nafasi 40 zilikuwa za weusi, karibu asilimia kumi kwa hesabu ya idadi yao nchini, na Mary McLeod Bethune, yule mama mwalimu aliyekuwa karibu na Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, ndiye aliyehangaika kuhakikisha hizo nafasi zinajazwa na wanawake wa nguvu. Charity Adams, mwalimu wa hesabu kutoka Columbia, South Carolina, alisafiri kwenye treni na wenzake weupe wakizoeana, wakapiga stori, wakafika kambini wakala pamoja. Halafu akaja luteni kijana akasema wasichana weusi wote wasogee upande huu. Wengine waliitwa majina mmoja mmoja, hao wakaitwa kwa rangi. Walipewa bweni lao, platuni yao, na mesini meza zao zikawekewa alama. Darasani lakini walikaa na wengine na mtihani ulikuwa mmoja. Agosti 29 wakavalishwa nyota, na Adams akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata kamisheni ya WAAC.

Halafu tatizo lile lile la 1917 likajirudia. Ofisa mweusi aliruhusiwa kuongoza weusi tu, kwa hiyo kupanda kwake kulitegemea makuruta weusi wangapi wanaingia, na makuruta weusi hawakuwa wanaingia wengi kwa sababu walisikia wakimaliza mafunzo wengi wanapangiwa kufua na kudeki. Vita nzima WAC weusi walikuwa kama 6,500 tu. Waliopinga wapo. Mabweni na platuni za maofisa wanafunzi zilianza kuchanganywa kabla 1942 haijaisha, baada ya malalamiko ya wenyewe na ya vyama vya weusi. Wanawake weusi wapiga muziki hawakupokelewa kwenye bendi ya kambi, wakaunda yao, ikawa nzuri mpaka watu wa mjini wakaipenda, jeshi Julai 1944 likaamuru ivunjwe, wakaandika barua kila mahali, magazeti ya weusi yakachachamaa, na ilipofika Septemba bendi ikarudishwa. Hiyo ndo bendi ya 404. Wanawake wenye vyombo vya muziki walilazimisha makao makuu yameze amri yake, sijui kama unapata picha ni kitu kikubwa kiasi gani jeshini, wewe umepita JKT utakuwa unanielewa.

Habari ya batalioni ya 6888, ile ya barua, umeshaiona kwenye filamu kwa hiyo sitaikalia sana. Wanawake 855, Birmingham, Februari 1945, barua na vifurushi kama milioni 17 vimelundikana, wakapewa miezi sita wakamaliza kwa mitatu, wakahamia Rouen, Ufaransa. Lakini zingatia pale jenerali alipomtishia Meja Adams, mkuu wa batalioni hiyo, kwamba atamletea luteni mzungu amfundishe kuongoza kikosi, na yeye akajibu mpaka nife kwanza. Watu wanaliona kama neno la hasira. Mimi nalisoma kama neno la kisheria. Meja anaongozwaje na luteni? Alikuwa anadai kile hasa ambacho kambi ilimpa kwa karatasi na jeshi likamnyima kwa vitendo, tangu zamani za Charles Young. Jenerali alitishia mahakama ya kijeshi, Adams na maofisa wake wakaanza kuandaa mashtaka ya kwao, na jenerali akaacha.

Mwenzake wa darasa lile la kwanza, Dovey Johnson, ambaye baadaye aliolewa akaitwa Roundtree, alitumwa kusini kuandikisha wanawake weusi, na Miami akashushwa kwenye basi akiwa na magwanda ya ofisa mwilini. Baada ya vita akasomea sheria Howard, shule aliyoijenga Houston, luteni wa 1917. Mwaka 1952 mwanajeshi mmoja wa WAC, Sarah Keys, akiwa njiani kurudi kwao North Carolina aliambiwa ampishe kiti askari mzungu, akakataa, akalala mahabusu. Wakili wake akawa Roundtree. Novemba 1955 tume ya biashara baina ya majimbo ikaamua kwamba mabasi yanayovuka majimbo hayaruhusiwi kubagua abiria, na uamuzi huo ulitoka kabla Rosa Parks hajakamatwa kule Montgomery kwa kukataa kumpisha mzungu kiti cha basi. Parks anajulikana dunia nzima, Keys na Roundtree hata Marekani kwenyewe wengi hawawajui, na mimi inaniuma.

Na pale pale mjini Des Moines, Julai 1948, mama mmoja aitwaye Edna Griffin, ambaye wakati wa vita alivaa magwanda ya WAC, aliingia duka la dawa la Katz na mtoto wake mchanga na wenzake wawili wakaagiza aiskrimu, wakaambiwa hapa hatuhudumii weusi. Akaandamana mbele ya duka wiki baada ya wiki, akaenda mahakamani, na 1949 mahakama kuu ya Iowa ikathibitisha kwamba duka limevunja sheria. Mawakili wake wawili, mmoja alikuwa Charles Howard. Yule luteni wa 1917 anasimama mahakamani kumtetea mwanajeshi mwanamke wa vita ya pili, mji ni ule ule. Mtu akikwambia Fort Des Moines ilishindwa kwa sababu maofisa wake walifutwa jeshini, mpe kesi hiyo.

Huku kwetu nako kuna la kuangalia. Mwaka Adams anaapishwa, vijana wetu wa KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza huku kwetu, walikuwa wanapigana Madagaska, na cheo cha juu kabisa kwa Mwafrika kilikuwa cha ofisa mteule anayeongoza platuni, kamisheni hakuna. Mwafrika mweusi wa kwanza kupata kamisheni ya jeshi la Uingereza alikuwa Seth Anthony wa Ghana, 1942 hiyo hiyo, wakati sisi Afrika Mashariki tulisubiri mpaka uhuru unakaribia, na askari wa kambi ya Colito walipoasi Dar Januari 1964, pamoja na mishahara walidai maofisa wa Kiingereza waondoke. Uzi wa moja kwa moja pia upo: 1960 wajumbe Waafrika wa Kenya walipokwenda Lancaster House, London, kujadili katiba, Tom Mboya alimwalika mshauri wa sheria kutoka Marekani awasaidie kuandika sehemu ya haki za binadamu. Mshauri huyo alikuwa Thurgood Marshall, mwanafunzi wa Houston.

Kambi yenyewe baada ya vita ilipunguzwa, ardhi kubwa ikauzwa, 1974 ikatambuliwa kama eneo la kihistoria la taifa kwa ajili ya wale wa 1917, na baadhi ya majengo yamegeuzwa nyumba za kupanga. Jina la Charity Adams liliwekwa 2023 kwenye kambi kubwa ya Virginia iliyokuwa ikiitwa Fort Lee, ikawa Fort Gregg-Adams, na 2025 serikali ikalirudisha jina la Lee, safari hii wakisema ni Lee mwingine, Fitz Lee, askari mweusi wa kikosi cha 10 cha farasi aliyepata nishani ya juu ya ushujaa Cuba 1898. Fitz Lee anastahili heshima, hilo silibishi, lakini apewe kambi yake mwenyewe, na jina la Adams lirudishwe pale lilipokuwa.